Saa Tisa ya Ramani

Kwenye jengo analokaa, ghorofa ya tatu, mlango unaotazamana na ngazi, hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Mama Hali. Mgeni akisikia hivyo hudhani ana mtoto aitwaye Hali, na wenyeji humwacha adhani hivyo kwa muda, wapate cha kucheka. Hali yenyewe ni hali ya hewa. Kazi yake ni kupanga safari za ndege ndogo, na kwa kuwa kutwa nzima hutazama mawingu kwenye kompyuta, majirani wameamua kwamba yeye ndiye anayeyaleta.

"Mama Hali, nifue mashuka leo?" humuuliza jirani wa chini, beseni kiunoni.

"Fua. Lakini ukitoka kwenda sokoni, anua kwanza."

"Mbona juzi uliniambia nianike, ukanilowesha godoro?"

"Juzi hukuniuliza mimi, ulimuuliza mume wangu. Yule anatengeneza majokofu, anajua baridi tu."

Ndivyo alivyo mlangoni, mwepesi wa maneno. Ukikaa naye zaidi ndipo unapoona kwamba mama huyu ni mwoga kupita kiasi. Atafunga jiko la gesi, atatoka, atafika chini kabisa, kisha atapanda tena ngazi zote kwenda kuhakikisha kwamba alilifunga. Mumewe akichelewa kidogo kurudi, yeye moyoni kishamzika na kugawa nguo zake. Na ndege, ambazo ndizo zinazomlisha, hajapanda hata moja. Kampuni iliwahi kumpa nafasi ya bure akatembee. Akasema ana mafua. Mwaka uliofuata wakampa tena. Mafua yakarudi.

"Sasa wewe wenzako unawarusha vipi?" mumewe humtania.

"Nawarusha nikiwa nimeketi," husema. "Kila mtu na kazi yake."

Hakuanzia kwenye mawingu. Alianzia kwenye mzani. Ofisi ya kampuni ni chumba kimoja kirefu pembeni mwa kiwanja, chenye dirisha linalotazama njia ya kurukia na feni inayolalamika mchana kutwa. Pale mlangoni alikuwa akipima mizigo na abiria, na akajifunza kumpandisha mtu mnene kwenye mzani bila kumvunjia heshima, jambo ambalo si kila mtu analiweza. Kisha mpangaji wa safari akahamia kampuni kubwa. Bosi, ambaye wote humwita Mafuta kwa kuwa hakuna mazungumzo asiyoyafikisha kwenye mafuta ya ndege, akamwambia, "Mama, hebu kaa hapo kwenye kompyuta mpaka nipate mtu." Mtu hakupatikana. Hajapatikana mpaka leo.

Kwenye kompyuta hiyo ndiko alikokutana na ramani. Si ile ya kutundika ukutani. Hii iko mtandaoni, ni hai, unaichezea kwa kipanya. Unabofya unakotoka, unabofya unakokwenda, nayo inachora mstari. Unaweza kuushika mstari huo katikati ukauvuta pembeni kama uzi, ndege ipite mbali na mlima. Ukibofya kiwanja, inakuambia upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Mvua inakuja kwa rangi: kijani ni manyunyu, manjano ni mvua ya kuheshimiwa, na nyekundu ni radi na pepo za kupanda na kushuka, mahali ambapo ndege ndogo haina shughuli. Chini kabisa kuna ufito wa wakati. Ukiuvuta kulia, mawingu yanatembea, unaona yatakuwa wapi baadaye. Ufito huo Mama Hali aliupenda kuliko kitu chochote kwenye kompyuta ile. Mwoga ukimpa kitu kinachomwonyesha kesho, humpokonyi tena.

Sasa hapa naomba tuelewane vizuri, maana mambo yote yamekaa hapa. Ufito ule una saa zake. Marubani wa dunia nzima wanatumia saa moja tu, ili wa mashariki na wa magharibi wasipishane. Wanaiita Zulu. Kwa huku kwetu, saa hiyo iko nyuma ya simu yako kwa saa tatu. Na sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, mdomoni tuna hesabu yetu nyingine kabisa. Kwa hiyo ramani ikiandika tisa, simu yako inaandika kumi na mbili, na wewe mwenyewe unasema ni saa sita mchana. Wakati ni uleule mmoja. Pale ofisini walikuwa wakichekana kwamba kila mfanyakazi ana saa tatu kichwani na bado anachelewa kazini.

Kwa hiyo walijiwekea utaratibu. Namba ya ramani ikiandikwa, iandikwe kama ilivyo. Ikitamkwa, itolewe tatu kwanza. Tisa toa tatu, saa sita. Mama Hali alikuwa akitoa tatu hata usingizini.

Rubani wa hadithi hii ni shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, yule waliyezoea kumwita Kitinda kwao kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango. Ndoa yenyewe ilizaliwa palepale ofisini. Siku moja Kitinda alimletea dada yake miwani aliyoisahau nyumbani, akamkuta rubani kijana akibishana na mzani. Tangu siku hiyo miwani ya Mama Hali ikawa inasahaulika kila wiki, na kila wiki kuna wa kuileta. Ikaishia kwenye harusi. Na kwa kuwa shemeji na shemeji hawawezi kuongea bila utani, maongezi ya kazi kati yao yakawa yanachanganyika na ya nyumbani, mpaka ukiwasikiliza hujui wapi upepo umeishia na wapi familia imeanzia.

Asubuhi hiyo shemeji aliondoka na Bibi. Bibi ni ndege kongwe kuliko zote tatu walizo nazo, nyeupe, injini moja, mlango wake unafungwa kwa kubembelezwa. Aliwapeleka wapima ardhi watatu kwenye kiwanja cha udongo ng'ambo ya milima, awasubiri wamalize kazi, kisha arudi nao siku hiyohiyo. Mwendo ni kama wa saa moja, na milima iko katikati ya safari.

Saa tatu asubuhi akapiga simu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Bibi kafika salama?"

"Kafika, anapumzisha magoti. Hawa jamaa bado wanachomeka vijiti vyao. Mbingu ya huku nyeupe kama shuka. Nipe habari za milimani."

Alikuwa ameshaanza kuuvuta ufito. Kwenye saba, milima ilikuwa mitupu. Kwenye nane, kijani kilianza kuota mbugani. Kwenye tisa safu nzima ilikuwa nyekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyeangusha kopo la rangi.

"Kuna radi inakuja huko kati," alisema. "Si ya mchezo."

"Saa ngapi?"

Macho yake yalikuwa kwenye ufito. Kwenye ufito pameandikwa tisa.

"Saa tisa," alisema. "Kabla ya saa tisa uwe umeshavuka. Ukiona huwahi, baki hukohuko ulale."

"Nilale kwa nani? Mdogo wako ataniua."

"Mdogo wangu nimemlea mimi. Hata akiona mende huita watu."

"Haya, saa tisa. Nitakuwa nimeshafika zamani. Asante, shemeji."

Akakata. Na Mama Hali hakuhisi lolote. Tisa ya ramani ilitoka mdomoni mwake nzima nzima, bila kutolewa tatu, ikaenda ikaingia kwenye sikio la mtu aliyesimama juani asiye na ramani mbele yake. Huko ikawa saa tisa ya watu wote, saa tisa ya alasiri. Yeye alikuwa amemaanisha adhuhuri.

Kila ndege ya kampuni ina kidude kinachotuma kwa setilaiti mahali ilipo, kila baada ya dakika chache. Kwenye ramani kinaonekana kama nukta nyeupe, na pembeni mwake kasi ya ndege. Mama Hali alitarajia kuiona nukta ya Bibi ikiondoka upesi. Haikuondoka. Alipiga simu, haikupatikana. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Nukta ikaendelea kukaa. Akajiambia, basi wapima ardhi hawajamaliza, shemeji kaona hatawahi, kaamua kubaki. Vizuri. Mtu aliye chini ana raha yake. Kama kuna asubuhi aliyopaswa kuogopa mapema ni hiyo, na ndiyo asubuhi aliyokunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akawapangia safari marubani wengine wawili, akacheka na abiria mlangoni.

Saa sita ikiwa imekaribia, simu yake ya mkononi ikalia. Alikuwa Kitinda.

"Dada, hujambo? Sikuchukulii muda. Huyu bwana nimwekee chakula au ndiyo atakula na nyie huko?"

"Bwana yupi? Wako analala safarini leo. Kuna radi njiani."

"Anarudi. Kaniandikia ujumbe kabla hajawasha. Kasema radi ni saa tisa, kwa hiyo hana haraka, wale watu wamemaliza ndiyo anaondoka nao."

"Saa tisa?" alisema Mama Hali.

"Ndivyo ulivyomwambia, au si wewe?"

Mama Hali alikuwa akiitazama namba kwenye ufito na kuisikia sauti yake mwenyewe ya asubuhi, wazi kabisa, ikisema saa tisa. Saa tisa ya wapi? Akaisogeza ramani kutafuta ile nukta nyeupe kwenye kiwanja cha udongo. Haikuwepo. Ilikuwa imeshakula karibu theluthi ya njia, inakwenda sawasawa kwenye mstari aliouchora yeye, na mbele yake manjano yalikuwa yameshageuka mekundu.

"Dada?"

"Nitakupigia," alisema, akakata.

Akaishika redio. Akaita ndege kwa herufi zake, kama inavyotakiwa. Redio ikavuma tu. Akaita tena. Akasahau herufi, akaita, "Bibi, Bibi, unanipata?" Mwisho akasema tu, "Shemeji." Milima ilikuwa katikati yao, na redio ya ofisi ile haijui kupanda milima.

Mafuta alitoka mezani kwake akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Nini?"

"Nimempa saa ya ramani."

"Umempa nani?"

"Shemeji. Nimemwambia tisa. Kachukua tisa ya mchana."

Mafuta aliitazama skrini, halafu akaitazama saa ya ukutani, midomo ikichezacheza. Alikuwa anatoa tatu. Alipomaliza, uso ulimbadilika, akavuta kiti cha jirani akakaa bila kuangalia anakalia nini.

Mama Hali alikuwa ameshainua simu ya mezani anapiga mnara wa uwanja mkubwa. Mwongoza ndege aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu anayepanga vikombe kabatini.

"Mnara. Sema."

"Ndege yangu inaingia kwenye radi milimani na rubani hajui."

"Hajui vipi? Hukumpa hali ya hewa?"

"Nilimpa. Nilimpa saa isiyo yake."

"Hayo baadaye, dada. Mimi simpati, yuko chini mno nyuma ya milima. Lakini kuna ndege kubwa ya abiria inapita juu ya milima hiyo sasa hivi. Aliye juu ataweza kumsemesha. Niambie tumwambie nini. Maneno machache. Ageukie wapi?"

Hapo ndipo Mama Hali alipoogopa hasa. Mpaka wakati huo alikuwa akiogopa kosa lililokwisha kutendeka. Sasa alitakiwa afungue tena mdomo uleule.

Alitazama ramani. Mbele, nyekundu. Kushoto, nyekundu iliyokwishafika kileleni. Nyuma, kule alikotoka shemeji, manjano yalikuwa yakijikusanya juu ya kiwanja chenyewe. Kulia kulikuwa na bonde, mto ukiteremka kuelekea tambarare, na juu ya bonde rangi ilikuwa kijani tu. Chini ya bonde kuna kiwanja cha shamba la miwa ambacho ndege za kampuni hazijakigusa siku nyingi. Lakini je, picha hii ni ya sasa? Au ni ile aliyoivuta mwenyewe asubuhi? Alibofya kitufe cha sasa. Akakibofya tena. Picha haikubadilika, na bado hakuiamini, akakibofya tena na tena kama mtu anayebisha hodi. Kila namba aliyoitazama ilikuwa na pacha wake nyuma, tisa na sita, kumi na mbili na tisa.

"Dada, nakusubiri. Hiyo ndege ya juu haisimami."

"Kulia," alisema. "Aache mstari, ageuke kulia, aufuate mto ashuke nao mpaka kiwanja cha shamba la miwa. Asirudi nyuma."

"Asirudi nyuma. Una uhakika?"

Hakuwa nao. "Kulia," alisema.

Akasikia mwongoza ndege akiongea na mwingine, kwa mbali, maneno mafupi ya kazi. Mafuta alimwegemea sikioni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ana mafuta ya kumfikisha huko?" Miaka yote wamemcheka kwa swali hilo. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Akapiga hesabu haraka. "Yanamtosha," alisema. "Kama hatazunguka."

Nje ya dirisha jua lilikuwa linawaka. Mlangoni abiria wawili walikuwa wanabishana nani apande mzani kwanza, wakicheka.

Mwongoza ndege akarudi. "Rubani wa juu amempa ujumbe mara mbili. Hakujibiwa."

"Kausikia?"

"Hakujibiwa, dada. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia. Wataendelea kuita mpaka watoke eneo hilo." Akakata.

Nukta nyeupe ilikuwa imegusa ukingo wa rangi nyekundu. Ikakaa hapo. Nukta haisogei polepole kama kitu chenye uhai. Hukaa, kisha huruka. Kwa hiyo ikikaa hujui kama ndege imesimama, au kidude kimeshindwa kuiona setilaiti kwenye mawingu, au hakuna tena ndege.

Simu ya mkononi ikalia. Kitinda. Aliitazama ikilia. Alitamani isilie, na alitamani isinyamaze. Akapokea.

"Dada, mbona umenikatia? Na mbona unapumua hivyo?"

Angeweza kumdanganya. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, kwamba mtandao ni mbaya, kwamba atampigia. Akasema, "Mumeo yuko kwenye radi. Nilimpa saa mbaya. Nilimsomea ya ramani, yeye akaisikia yetu. Tumemwambia ageuke, hatujui kama kasikia."

Upande wa pili kulikuwa na maji ya bomba yanamwagika. Kisha yakafungwa.

"Sasa hivi?" alisema Kitinda.

"Sasa hivi."

"Usikate."

"Mdogo wangu..."

"Usiseme kitu. Sitaki kusikia kitu. Ila usikate."

Akaiweka simu begani, akaishika kwa shavu. Walikaa hivyo, mmoja ofisini mwingine jikoni, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Mama Hali alimbeba huyu mgongoni alipokuwa hajui kutembea. Alijua pumzi zake za usingizi na za homa. Hizi hakuwahi kuzisikia.

Nukta ikaruka.

Iliruka kulia. Ilikuwa nje ya mstari, juu ya mto.

"Kageuka," alisema. "Kitinda, kasikia, kageuka."

Kutoka jikoni ikaja sauti ndogo, kama mtu aliyejigonga kidole.

Nukta ikaruka tena, chini zaidi kwenye bonde, na ule wekundu nao ulikuwa unashuka nyuma yake. Ikaruka tena. Kasi ilikuwa imepungua, jambo jema kwa anayetaka kutua. Kiwanja cha miwa kilikuwa mbele yake kidogo tu. Mafuta alikuwa anahesabu kitu kwa vidole juu ya goti. Kisha nukta ikaruka mara moja zaidi, ikatulia kando ya kiwanja. Si juu yake. Pembeni, kwenye miwa. Na pale pembeni mwa nukta, penye kasi, palikuwa na sifuri.

Mama Hali alisubiri iruke. Kidude kikatuma tena. Mahali palepale. Sifuri.

Ramani ile inajua mambo mengi. Inajua upepo wa milimani na joto la kila kiwanja. Lakini sifuri yake haina maelezo. Ndege iliyotua ina kasi sifuri. Ndege iliyoanguka ina kasi sifuri.

"Dada," alisema Kitinda. "Sema sasa."

"Imesimama."

"Wapi?"

"Chini." Alitafuta neno lililo zuri zaidi na la kweli pia. Hakulipata. "Iko chini, karibu na kiwanja. Sijui zaidi."

"Karibu na kiwanja," alirudia Kitinda, taratibu.

Mafuta alikuwa anapiga namba za ofisi ya shamba la miwa kwa simu yake, hazishiki. Akajaribu nyingine. Feni ikalalamika. Sifuri. Sifuri. Kidude kile kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri.

Simu ya mezani ikalia. Mkono wake haukuinuka. Mafuta akainuka badala yake, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akapokea.

"Ndiyo," alisema Mafuta. "Ndiyo. Sema taratibu." Akasikiliza. "Wote?" alisema. "Wote wanne?"

Mama Hali aliufunga mdomo wa simu ya mkononi kwa kiganja, Kitinda asisikie kabla yake.

Mafuta alishusha mkono. Alikuwa na macho mekundu.

"Ni yeye mwenyewe," alisema. "Wote wanne wametoka kwa miguu yao. Kavunjika mfupa wa bega. Kiwanja kimeota majani mpaka kifuani, tairi likakamatwa, Bibi kaingia kwenye miwa kalala kifudifudi. Anasema mvua inawapiga hapo walipo kama inawadai."

Mama Hali alitoa kiganja kwenye simu. Alitaka kusema mumeo yu hai. Lililotoka lilikuwa kilio, na Kitinda, asiyejua ni kilio cha nini, alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa watu wa mzani. Ikabidi Mafuta achukue simu amwambie yeye, mara tatu, ndipo akaelewa.

Shemeji alirudishwa kwa gari, mkono umefungwa kifuani. Mama Hali alikwenda kumwona, akasimama mlangoni mwa chumba, hajui aingie au asiingie.

"Ingia, shemeji," alisema mgonjwa. "Siumi. Mkono wenyewe ninao mmoja."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Ulisema saa tisa, na mimi nikasikia saa tisa. Hatukupishana hata kidogo." Alicheka, bega likamuuma, akaacha. Kisha akasema bila utani, "Nilipoona wingu lile nikatazama saa yangu. Nikasema, bado sana, hili ni dogo, nipite tu. Unaelewa? Nililiona kwa macho yangu, nikaliamini neno lako."

Hilo ndilo alilokwenda nalo nyumbani Mama Hali. Shemeji hakulisema kwa kulaumu, na labda kama angelaumu lingekuwa jepesi zaidi. Usiku huo mumewe alimkuta anaitazama saa ya jikoni, akamuuliza saa ngapi. Alimgeuzia saa aione mwenyewe.

Hakufukuzwa. Mafuta aliandikiana na wakubwa wa usafiri wa anga, akaeleza, wakaja watu wakauliza maswali. Likatoka agizo kwamba saa isitamkwe kwa simu tena, kila kitu kiandikwe na rubani akisome mwenyewe kwa sauti. Agizo zuri. Mama Hali alilifuata tangu siku ya kwanza, na halikumtoa woga. Rubani akimuuliza mdomoni, hata kwa mzaha, mvua lini, yeye husimama, humwachia kiti, husema, "Njoo uone." Wengine wanasema amezidi. Mmoja alimwambia, "Mama Hali, siku hizi hata chakula cha mchana utatuonyesha kwenye ramani." Alicheka naye, na bado akamwachia kiti.

Bega likapona. Shemeji akapewa ndege nyingine, na siku aliyopangiwa kuruka kwa mara ya kwanza, Kitinda alitokea ofisini asubuhi na mapema. Safari hii hakuleta miwani. Alivuta kiti, akakiweka karibu na cha dada yake mpaka viti vikagusana.

"Nitakaa hapa," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

Nukta nyeupe iliondoka kiwanjani, ikaruka kuelekea milimani. Mbele yake hapakuwa na rangi yoyote. Mama Hali alitoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani, asije akaugusa ufito kwa bahati mbaya.

"Hapo anapoonekana ni sasa?" aliuliza Kitinda.

"Ni sasa."

"Si baadaye? Si ile ya kuvuta?"

"Ni sasa, mdogo wangu."

Nukta ikakaa. Kitinda akaishika mikono ya dada yake yote miwili, na wakaisubiri iruke.